Usambara: Milima Iliyotazama Bila Kuulizwa Swali

Kipindi cha maswali na zawadi ni yatima wa runinga ya Afrika Mashariki. Tamthilia zina mashabiki wanaozitaja kwa majina miaka ishirini baada ya kwisha. Mpira hauhitaji mtetezi. Hata matangazo ya sabuni yana watu wanaoyakumbuka kwa nyimbo zake. Lakini ule mchezo wa mshiriki kusimama mbele ya mtangazaji mwenye kadi mkononi, akajibu kabla kengele haijalia, au akachagua sanduku moja kati ya mengi bila kujua kama ndani mna jokofu au mna kiberiti, hauna anayeulilia. Sehemu kubwa ya michezo hiyo ililetwa kwa kanda kutoka ng'ambo. Mingine iliigwa huku huku kwa fedha ya mdhamini. Yote ilirushwa, ikachekwa, ikashangiliwa, ikaondoka. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba ilikuwa michezo myepesi, na chepesi hupeperuka. Nadhani maelezo hayo yanawasingizia watazamaji. Michezo ile ilisahauliwa kwa sababu ya namna ilivyomilikiwa: mwenye kipindi hakuwa mtazamaji, mara nyingi hakuwa hata kituo kilichokirusha, na aliyekaa mbali na studio aliruhusiwa kutazama bila kuruhusiwa kujibu. Swali ambalo hukuulizwa wewe hulikumbuki kwa muda mrefu. Anayetaka kuiona hoja hii katika sura ya nchi na aipeleke Lushoto, kwenye milima ya Usambara.

Kwanza historia, kwa ufupi. Zanzibar ilianza kurusha runinga mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi kubwa kuliko yenyewe barani zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Tanzania Bara ikakaa miaka mingine ishirini na kitu bila kituo hata kimoja. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona runinga kuwa anasa ya watu wa mjini katika nchi iliyokusudia kuwekeza vijijini, na kazi yote ikaachiwa redio. Mpaka ilipokuja Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndipo watu binafsi walipofunguliwa mlango, na mwaka 1994 zikaingia hewani CTN, DTV na ITV, zote za Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilisubiri hadi muongo ule unakaribia kwisha. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilikuwa na runinga tangu 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Kwa hiyo mtu wa Tanga aliyekuwa na uwezo wa kununua seti kabla ya 1994 alikuwa mtazamaji wa nchi za watu, au wa visiwani.

Sasa tuangalie ramani, maana jiografia ina neno lake katika mjadala huu. Lushoto iko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, na vilele vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,200. Mawimbi ya runinga ya wakati ule yalikwenda kwa mstari ulionyooka, yakazibwa na chochote kilichosimama njiani. Kwa aliye kwenye ukingo wa mita 1,400 asiye na kilima mbele yake, upeo wa macho uko zaidi ya kilomita 130. Tanga haifiki kilomita 100 kwa mstari wa ndege. Mombasa na Pemba ni kama kilomita 170 kila moja, na mnara mrefu ukiwa upande wa pili umbali huo si wa kutisha. Lakini mlima unaokuinua ndio huohuo unaokuficha. Lushoto mjini pamekaa bondeni, na Mlalo vivyo hivyo, ilhali Mtae imejibanza ukingoni ikitazama nyika ya Mkomazi na Kenya nyuma yake. Nyumba mbili zilizotenganishwa na mwendo wa dakika kumi zingeweza moja ikapata picha safi na nyingine ikaambulia chenga. Antena hupandishwa juu ya mlingoti, mmoja anaizungusha nje, mwingine yuko ndani anapiga kelele za "hapo hapo, usiguse". Umeme nao ulikuwa habari nyingine. Sensa ya 2002 ilikuta kwamba takriban kaya moja tu kati ya kumi nchini iliwasha taa za umeme, na Wakala wa Nishati Vijijini haukuwepo hadi sheria yake ilipotungwa mwaka 2005. Vijijini aliyetazama alitazama kwa betri ya gari, kwa jenereta, au kwa kutoa kiingilio katika banda la kuonyeshea runinga.

Basi kipindi chenyewe kilifikaje hadi kwenye kioo? Mchezo wa runinga ni bidhaa rahisi kusafirisha kwa sababu hauna hadithi ya kufuatilia: ukikosa wiki hii, wiki ijayo unaanza upya na washiriki wapya. Nchini Marekani, ambako biashara hii ilikomaa, watengenezaji wengi waliuza vipindi vyao kituo kwa kituo badala ya kuvikabidhi kwa mtandao mmoja wa kitaifa. Kanda inarushwa mji huu wiki hii, inafungwa, inatumwa kwa kituo cha mji mwingine, na mwisho wa safari inarudishwa kwa mwenyewe au inafutwa irekodiwe kitu kingine. Kanda zilikuwa ghali, na mchezo ambao mshindi wake ameshajulikana ulionekana hauna thamani tena. Tusidhani basi kwamba usahaulifu ni ugonjwa wa maskini. Jeopardy! ya kwanza, iliyorushwa na NBC kuanzia 1964 hadi 1975, ilikuwa na vipindi zaidi ya 2,700, na vilivyosalimika ni vichache mno, katika nchi isiyokosa fedha, ghala wala wanahistoria. Kilichokosekana ni mtu mwenye sababu ya kutunza. Aliyekuwa na mamlaka juu ya kanda alikuwa mfanyabiashara, na kwa hesabu zake kanda tupu ilikuwa na faida kuliko kanda iliyojaa.

Njia nyingine ilikuwa ya kibalozi. Ujerumani Magharibi, kupitia shirika la Transtel, iligawa vipindi vyake kwa vituo vya nchi zinazoendelea, na kimoja kilikuwa Telematch: mashindano ya miji ya Wajerumani ambamo watu wazima waliovaa vinyago vikubwa waliteleza kwenye povu na kuangukia madimbwi, huku maelezo yakitolewa kwa Kiingereza. Kenya ilikionyesha, na Wakenya waliokuwa watoto miaka ya 1980 bado wanakitaja kwa kicheko. Hapa historia ina mzaha wake. Lushoto ndiyo Wilhelmstal ya Wajerumani wa zama za ukoloni, mahali pao pa kukimbilia joto la pwani. Wajukuu wa wapagazi waliowapandishia mizigo mlimani wangeweza, kama antena ingekubali, kuwatazama wajukuu wa mabwana wale wakigaragara matopeni kwa hiari yao.

Njia iliyotugusa zaidi ilikuwa ya mdhamini. Kenya ilikuwa na Omo Pick-a-Box, mchezo uliotanguliza jina la sabuni mbele ya jina lake wenyewe. Jina hilo lilikuwa na umri mkubwa tayari: Bob Dyer aliendesha Pick a Box nchini Australia, redioni tangu 1948 na kwenye runinga kuanzia 1957 hadi 1971. Wazo la mtu kuchagua sanduku lilihitaji uso mwingine wa mtangazaji na bidhaa nyingine ya kuuza, basi, likahamia. Na mfano ulio wazi kuliko wote ni wa karibuni. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha Celtel Africa Challenge, shindano la maswali kati ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, likiongozwa na mwigizaji na mwalimu Mkenya John Sibi-Okumu, aliyekuwa na sauti ya kumfanya hata mtu asiyejua jibu akae kimya kwa heshima. Celtel ikabadilika kuwa Zain, shindano nalo likabadilika jina likawa Zain Africa Challenge. Mwaka 2010 mitandao ya Zain barani ikauzwa kwa Bharti Airtel, na shindano likaishia njiani. Watazamaji hawakulichoka. Kilichobadilika ni rangi za kampuni. Kipindi kilichobeba jina la muuzaji kilikuwa na uhai wa muuzaji, na siku jina lilipong'olewa kwenye mabango ya barabarani liling'olewa pia kwenye ratiba.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la hesabu. Mtu atasema: usitupigie kelele za kumbukumbu, seti zilikuwa chache mno Usambara, na kisichotazamwa hakiwezi kusahauliwa. Ni pingamizi zito, na kwa miaka ya mwanzo nalikubali kwa kiasi kikubwa. Lakini linahesabu seti badala ya macho. Runinga ya vijijini haikuwa samani ya sebuleni. Ilikuwa shughuli ya mtaa. Kibanda umiza kimoja chenye mabenchi ya mbao kiliweza kuhudumia watu wengi kuliko nyumba ishirini za Upanga, Dar es Salaam. Tena watu hao hao wa mabandani, waliotazama kwa chenga zile zile, wanakumbuka mambo mengine barabara. Wanakumbuka Isidingo ya Afrika Kusini iliyokuja kupitia ITV, pamoja na fitina zake zote. Wanakumbuka mechi, bao kwa bao. Kama uchache wa seti ndio uliofuta michezo ya maswali, ungefuta na haya. Lazima tutafute sababu ndani ya kipindi chenyewe na ndani ya uhusiano wake na mtazamaji.

Hapo linakuja pingamizi la pili, ambalo ni la werevu zaidi: mashindano kwa asili yake hufa yakijulikana matokeo. Tamthilia inaweza kusimuliwa upya. Swali ambalo jibu lake limetolewa limekwisha. Hili lina ukweli kidogo na upotovu mwingi. Taifa Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika huko Lagos mwaka 1980, na matokeo hayakuwa ya kujivunia, lakini hadi leo wazee wanabishana kuhusu safari ile kana kwamba refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Matokeo yanajulikana, mjadala haufi, kwa sababu timu ilikuwa yetu. Ushahidi mkubwa zaidi tunao mdomoni. Mmoja anasema "Kitendawili", mwenzake anajibu "Tega", na mashindano yameanza bila mdhamini wala leseni. Aliyeshindwa anadaiwa mji. Aliyetega anaupokea, anausafiri kwa maneno, anakaribishwa, anakula anachotaka, kisha ndipo anafungua jibu. Vitendawili vingi vya zamani majibu yake yanajulikana na kila mtoto wa darasa la pili, na mchezo haujachakaa. Unaishi kwa sababu kila anayesikiliza anaweza kujibu leo na kutega kesho, na kwa sababu hakuna ofisi yoyote ng'ambo ya bahari inayodai kanda yake irudishwe.

Redio iliielewa siri hii mapema. Radio Tanzania haikuwa na studio Lushoto, lakini ilikuwa na sanduku la posta. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya ndugu, majirani na marafiki, akaituma, akasubiri wiki kadhaa, na siku moja mtangazaji akalisoma jina lake mbele ya nchi nzima. Watu waliunda vyama vya watuma salamu, wakajipa majina ya utani, wakajulikana mikoa ambayo hawajawahi kuikanyaga. Kwa kipimo cha mtaalamu wa burudani kipindi cha salamu hakina lolote: orodha ndefu ya majina na wimbo katikati. Kwa kipimo cha kumbukumbu kimezishinda kanda zote za masanduku ya zawadi. Tofauti yake ni njia ya kurudi. Sauti ilipanda mlimani kwa mawimbi, jibu likateremka kwa basi la Mombo na posta. Runinga ya michezo ilikata njia hiyo ya kurudi. Ili ushiriki ulipaswa kuwa studioni, yaani uwe Dar es Salaam au Nairobi, uwe na nauli, uwe na nguo za kuonekana, na mara nyingi uwe na Kiingereza cha kutosha.

Isije ikadhaniwa kwamba milima ilikuwa haina cha kujibu. Hii ni wilaya ya shule. Wasichana wa Kifungilo, seminari ya Soni, na Mazinde Juu iliyoanzishwa mwaka 1989 na padri Mbenediktini Damian Milliken, ambayo imezoeleka kutajwa miongoni mwa shule zinazofaulisha vizuri kitaifa: ukivipeleka vichwa hivyo kwenye meza ya kengele, sioni kwa nini vingeshindwa. Mwaka uleule wa 2007 Celtel ilipoanza kukusanya wanachuo, Walutheri walikuwa wanaanzisha Magamba, wilayani humo, chuo kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa. Wala elimu ya darasani si kipimo pekee. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara, ameonyesha jinsi Washambaa walivyojadili kwa vizazi maswali ya utawala, mvua na uponyaji wa nchi, na jinsi miaka ya 1950 walivyoukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kulima matuta. Hawakukataa kwa uvivu kama ilivyoandikwa kwenye baadhi ya mafaili ya maofisa; walikuwa na hoja kuhusu ardhi, nguvu kazi na nani ana haki ya kuamuru. Jamii yenye mazoea ya kujadiliana namna hiyo ilikalishwa mbele ya kioo iangalie mtu wa Bavaria akikimbia na ndoo ya maji. Akili ilikuwapo. Maswali ndiyo yaliyotungwa mahali pengine, kuhusu mahali pengine.

Msomaji mwenye msimamo atasimama hapa aseme: vizuri basi, vipindi hivyo na vife. Vilikuwa matangazo ya biashara yaliyovishwa joho la burudani, na vingine kamari tupu. Tumeondokana navyo, unatukumbushia nini? Ningeungana naye kama ningeamini kwamba vipindi hivyo havikuwa na madhara wala manufaa. Lakini tuna ushahidi wa hapa hapa Tanzania unaosema vinginevyo. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip lilirusha Ruka Juu, shindano la runinga la vipindi 11 ambamo vijana wenye biashara ndogo walipewa kazi, wakapimwa, wakatafutwa mshindi. Watafiti, wakiwamo wachumi wa Norway Kjetil Bjorvatn, Alexander Cappelen na Bertil Tungodden, walifanya jaribio na wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari za Dar es Salaam: baadhi walihimizwa kutazama shindano hilo, wengine kutazama kitu kingine. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Management Science mwaka 2020, hayakumfurahisha kila mtu. Waliotazama walipata hamu zaidi ya kufanya biashara, hasa wasichana. Maarifa yao ya biashara, hata hivyo, hayakuonekana kuongezeka kwa namna ya kueleweka. Na kipindi kiliwapunguzia baadhi yao ari ya shule, kwa kiasi cha kuonekana katika masomo yao.

Tafakari uzito wake. Shindano la wiki chache, lililotengenezwa kwa nia njema na watu wanaojali vijana, lilitosha kuyumbisha uamuzi wa mtoto kuhusu kuendelea na masomo. Kama hili la nia njema lilikuwa na nguvu hiyo, yale ya kuuza sabuni, simu na bahati yalifanya nini kwa miaka yote ile? Yalimfundisha kijana wa Bumbuli kwamba mali huja kwa juhudi, au kwamba huja kwa kuchagua sanduku sahihi? Hatuwezi kujibu, kwa kuwa hatuna cha kutazama wala cha kupima. Anayesema vipindi hivyo ni takataka huenda ana haki, ila hata takataka mtu huichunguza kabla ya kuapa kwamba haikumdhuru yeyote. Ruka Juu tunaijua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyefikiri kuipima ilipokuwa bado hewani. Nyingine zote zimepita bila shahidi.

Simu ya mkononi ilionekana kuja kuponya jeraha la ile njia ya kurudi iliyokatwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mtazamaji wa Soni aliweza kutuma ujumbe mfupi na kumpigia kura mshiriki wa shindano la uimbaji la Bongo Star Search kwa kasi ileile ya mtazamaji wa Sinza, Dar es Salaam. Usaili ulibaki wa miji mikubwa, lakini walau njia ya kurudi ilifunguka. Hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilitoka mahali pasipotarajiwa: Mama Shujaa wa Chakula, shindano la Oxfam lililoanza mwaka 2011 na baadaye kuingizwa katika kijiji cha kipindi cha runinga cha Maisha Plus, likawaweka wakulima wanawake mbele ya kamera na kuwapima kwa kazi wanayoijua. Mtu anaweza kuwa na mashaka na shirika la misaada linalogeuza kilimo kuwa mashindano, na mashaka hayo ninayo. Hata hivyo mama anayepandisha karoti, kabichi na maharage kwenye mteremko alikuwa, kwa mara moja, upande wa meza wenye majibu.

Lakini njia ya kurudi ikishafunguliwa, wa kwanza kuitumia huwa mwenye haraka ya fedha. Ujumbe mfupi uliokuwa kura ukawa tiketi ya bahati nasibu. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, leo inasimamia biashara ambayo kijana wa Lushoto anaifikia kwa kidole: mkeka wa mechi za Ulaya kwenye simu, dubwi linalolialia kwenye kona ya duka. Runinga yenyewe ikahama. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012 na Tanga ikafuata mapema 2013, ving'amuzi vikaingia, Azam TV ikaanza mwishoni mwa mwaka huo kwa satelaiti, na ungo kwenye bati la nyumba ya bondeni ukamaliza ule ubaguzi wa ukingo na bonde. Sasa Mlalo inaona kila kitu na inaweza kujibu kila kitu. Inachoulizwa siku hizi ni nani atashinda, Arsenal au Chelsea, na utaweka shilingi ngapi. Huu ni mchezo wa sanduku ulioondolewa mtangazaji, na ukaondolewa hata zile dakika chache ambazo mshiriki alitajwa jina, kijiji na kazi yake.

Je, kuna cha kuokoa? Kuhusu kanda, nina matumaini machache. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inahusu nyaraka za umma, na kanda ya kituo binafsi si waraka wa umma. Mchezo uliokodishwa kutoka nje si mali ya kituo hata kidogo. Radio Tanzania ilituachia hazina inayotajwa kufikia saa zaidi ya 100,000 za sauti, na hata hiyo imesumbua kuitunza. Sioni taifa likianza kutafuta masanduku ya zawadi wakati hotuba na nyimbo za Radio Tanzania zinasubiri zamu. Ninachokiona kinawezekana ni kazi ya upande wa pili wa kioo. Magazeti yalichapisha ratiba za vipindi siku baada ya siku, Nipashe na mengineyo, na nakala ziko maktaba, pamoja na mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ratiba zitatoa jina la mchezo, siku na saa. Baada ya hapo ni kupanda mlima na kuuliza. Wanafunzi wa kidato cha sita wa wilaya ya Lushoto wana simu za kurekodi na wana babu na shangazi wa kuwahoji. Ningewashauri waanze na wenye mabanda ya zamani wa Lushoto, Soni, Mlalo na Mtae, kabla ya kwenda kwa mtangazaji yeyote. Mwenye banda alikuwa na seti, jenereta na daftari la kiingilio; alijua kwa shilingi, usiku baada ya usiku, ni kipindi gani kilijaza mabenchi yake, kipi watu walikipigia kelele za majibu, na kipi kiliwafanya wadai abadilishe chaneli.